Jibu kwa Wanaotaka Wachezaji Walioiva

Kila mwaka, ligi inapomalizika na kabla dirisha la usajili halijafungwa, watu wa Rugera, huku kwetu Karagwe mkoani Kagera, kama watu wa Kayanga, wa Omurushaka na wa Murongo upande wa Kyerwa, huingia katika mjadala ambao hawakuombwa na mtu kuufanya na ambao hapana mtu awezaye kuwakataza: ni mchezaji yupi timu yao imchukue. Timu yao, aghalabu, ni Simba au Yanga, zenye makao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Karagwe. Na mchezaji anayetajwa, aghalabu, ni mtu ambaye hapana hata mmoja kati ya wasemaji aliyepata kumwona kwa macho yake akicheza dakika 90. Mjadala huo siudharau hata kidogo. Nimeusikiliza katika vibanda umiza vya kuonyeshea mpira, penye mizani ya kahawa wakati wa msimu, na nje ya makanisa na misikiti baada ya ibada, na nimekuta ndani yake akili nyingi, kumbukumbu kali na mapenzi ya kweli. Ninachokipinga ni hukumu ambayo mjadala huo huifikia kila mwaka, hukumu iliyokwisha kuwa kama itikadi, ya kwamba timu kubwa sharti ichukue mchezaji aliyekwisha iva, na ya kwamba kumtegemea kinda ni kuiweka rehani furaha ya mamilioni ya watu.

Insafu yanitaka niyataje maneno ya wapinzani wangu kwa uaminifu kabla sijayajibu. Husemwa kwamba Simba na Yanga si shule, bali ni klabu za kushinda, kwa hiyo anayetaka kujifunza na akajifunze kwingine, aje akiwa amekwisha hitimu. Husemwa pia kwamba mpira wa siku hizi ni wa miili, kwa hiyo anayechagua na aanze kwa kutazama kimo, kifua na mapaja, ayaache mengine kwa Mwenyezi Mungu. Tena husemwa, na neno hili ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu hutamkwa hata na baba za watoto wenyewe, kwamba kipaji hakijifichi, na kwamba lau Rugera ingekuwa na mtoto wa kustahili jezi ya timu kubwa, angekwisha onekana zamani.

Sina haja ya kukanusha yaliyo dhahiri. Yanga ilimchukua Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, na katika msimu wa 2022/23 akafunga mabao 7 katika Kombe la Shirikisho la Afrika, akawa mfungaji bora wa mashindano hayo, na Yanga ikafika fainali, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu, baada ya kufungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam na kushinda 1-0 kule Algiers. Stephane Aziz Ki, aliyetoka ASEC Mimosas ya Abidjan mwaka 2022, alifunga mabao 21 ya ligi katika msimu wa 2023/24. Clatous Chama wa Zambia, tangu alipoingia Simba mwaka 2018, aliwaonyesha watazamaji wa nchi nzima kwamba pasi moja iliyofikiriwa yaweza kufaa kuliko mbio za nusu saa. Na Simba nayo, mwaka 2025, ilifika fainali ya kombe lile lile la Shirikisho, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Atakayesema kwamba wageni hawa hawakutufaa atakuwa amekosa shukrani, nami sisemi hivyo.

Lakini ushahidi huo, ukipimwa vema, haumsaidii aliyeuleta. Mayele hakushuka kutoka mbinguni akiwa ameiva, wala Aziz Ki. Kila nyota anayenunuliwa leo alikuwa kinda mahali fulani jana, na mahali hapo palikuwa na mtu aliyemtazama akiwa bado anakosea, akamwamini, akastahimili makosa yake msimu baada ya msimu, hata likatokea lile ambalo sisi tulilikuta tayari na kulilipia. Anayenunua mchezaji aliyeiva hakuchagua. Amekubali tu uchaguzi uliofanywa na mwingine miaka mingi kabla yake, na amemlipa mwingine huyo ujira wa jicho lake na wa subira yake. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba Yanga ilifika fainali kwa sababu haikuwategemea makinda, mimi namjibu kwamba ilifika kwa sababu watu wa kwingine waliwategemea makinda wao.

Na maadamu Abidjan imetajwa, ni vizuri tukaitazama kwa karibu, kwa sababu kisa chake kinamkabili uso kwa uso yule anayesema kwamba klabu kubwa si shule. ASEC Mimosas ni klabu kubwa kwa kipimo chochote. Nchini Cote d'Ivoire ni kama Simba na Yanga zilivyo kwetu, na mwaka 1998 ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Klabu hiyo, katika miaka ya mwanzo ya 1990, ilimpa Mfaransa Jean-Marc Guillou nafasi ya kuanzisha chuo cha watoto, na watoto wale wakafundishwa kuuchezea mpira kwa miguu mitupu muda mrefu kabla ya kuvishwa viatu, ili mguu uujue mpira kama mkono unavyokijua kijiko. Mabingwa wa 1998 walipokwisha tawanyika, klabu haikukimbilia sokoni kutafuta majina. Ilipofika mechi ya Super Cup ya mwaka 1999 dhidi ya Espérance ya Tunis, timu yenye wanaume waliokwisha cheza fainali nyingi, ASEC iliteremsha uwanjani vijana wa chuo, wengi wao hawajatimiza miaka 20. Vijana wale walishinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza. Katika chuo kile walitoka Kolo Touré na ndugu yake Yaya, Didier Zokora, Gervinho na Salomon Kalou, na klabu hiyo haikupungua ukubwa wake hata chembe kwa kuwa imekubali kuwa shule; bali fedha ya kuwauza wanafunzi wake, na heshima iliyoipata kwa ajili yao, ni mambo ambayo klabu zetu hazijayaonja bado.

Tena hatuna haja ya kusafiri hadi Abidjan kutafuta burhani. Ni klabu ipi ya Tanzania iliyofika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, ikatolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri? Ni Simba. Na ni ipi iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka suluhu ugenini na Stella ya Abidjan kabla ya kufungwa 2-0 nyumbani? Ni Simba hiyo hiyo, ikiwa na kikosi kilichojengwa juu ya vijana wa nchi hii, katika zama ambazo hapana kiongozi aliyekuwa na fedha ya kununua nyota wa Kinshasa. Na mwaka 2003, Simba ilipowavua ubingwa Zamalek wa Misri kwa penalti mjini Cairo, golini alisimama kijana wa Kitanzania, Juma Kaseja, ambaye nitarudi kumtaja. Wanaosema kwamba mafanikio ya Afrika yalianza wageni walipojaa husahau miaka 30 ya historia ya klabu wanazozipenda.

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa maana ya butura. Wanajua jinsi mfanyabiashara anavyokuja wakati wa njaa, ada ya shule inadaiwa na kahawa bado ni maua mtini, akaukadiria mkahawa kwa macho, akalipa kidogo, kisha akarudi wakati wa mavuno kuchukua yote. Na wanajua kwamba serikali imeikataza biashara hiyo kwa sababu humwacha mkulima mikono mitupu palepale shambani pake. Basi na wautazame mwenendo wa Mbwana Samatta kwa jicho hilo. Kijana huyo wa Mbagala alitoka African Lyon akaingia Simba, na mwaka 2011, baada ya kukutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya Afrika na kuifunga bao, Mazembe ikamchukua akiwa na umri wa miaka 18. Simba ilikuwa naye kwa muda mfupi sana. Wakongo walikaa naye miaka mingi, wakamkuza, na mwaka 2015 wakatwaa naye ubingwa wa Afrika, yeye akimaliza kileleni mwa orodha ya wafungaji kwa mabao 7; mwezi wa Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Kisha akaenda Genk ya Ubelgiji, akafunga mabao zaidi ya 20 ya ligi katika msimu wa 2018/19 ambao Genk ilitwaa ubingwa, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza kwa kuingia Aston Villa. Aliyeyaona maua na kuyapa bei alikuwa mgeni. Sisi tulikuwa tukijadili ni mgeni gani tumnunue.

Sasa niingie katika habari ya miili, ambayo naona ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa imeshuka kutoka katika vijiwe vya washabiki ikaingia katika vichwa vya walimu wanaochagua timu za shule.

Nianze na mfano wa mbali. Kule Marekani na Kanada, katika mpira wa kikapu na katika mpira wa magongo wa barafuni, klabu za ligi kuu haziwagombanii chipukizi kwa fedha. Huwachagua kwa zamu, mara moja kwa mwaka, na zile zilizofanya vibaya aghalabu hupewa nafasi ya kutangulia. Kwa ajili hiyo washabiki wa huko hukesha kwa miezi wakijadili kijana wa miaka 18 au 19 ambaye aghalabu hajacheza hata mechi moja ya kulipwa, na mjadala wao, tofauti na wetu, si wa bei wala wa jina, bali ni wa jambo lisiloonekana bado: huyu atakuwa nani baada ya miaka mitano? Katika uchaguzi wa namna hiyo uliofanyika tarehe 25 Juni 2009, klabu ya Memphis Grizzlies, yenye haki ya kuchagua ya pili, ilimchukua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha sentimita 221, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi na ambaye katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa ukuta usiopitika. Ilikuwa siku ya fahari kwa Tanzania, na fahari hiyo haijafutika, kwa maana yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi ile. Lakini wa tatu kuchaguliwa siku ile alikuwa James Harden, aliyekuja kuwa nyota, na wa saba alikuwa Stephen Curry, kijana mwembamba ambaye wengi walimwona hana mwili wa kuhimili ligi ya wanaume, na ambaye baadaye aliipatia klabu ya Golden State ubingwa mara 4. Thabeet alicheza misimu mitano, kwa wastani wa pointi 2 hivi kwa mchezo, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alikwisha pelekwa katika ligi ya chini.

Sisemi haya kumdunisha ndugu yetu. Taksiri ni ya waliomchagua, na ni taksiri mbili zilizofuatana: kwanza walipima kimo wakakiita mchezo, kisha wakakosa subira ya kumfunza mtu aliyeanza kuushika mpira akiwa amekaribia utu uzima. Hayo ndiyo makosa mawili tunayoyafanya sisi, isipokuwa sisi huyafanya bila kujua kwamba yamekwisha fanywa na watu wenye fedha, madaktari na vyombo vya kupimia kila kitu, yakawashinda. Katika mpira wa miguu nako, Luka Modrić alikataliwa na klabu ya Hajduk Split kwa udogo wa mwili, na mwaka 2018 akatawazwa kuwa mchezaji bora wa dunia. Antoine Griezmann alizungushwa na klabu za Ufaransa kwa sababu hiyo hiyo hadi akachukuliwa na Real Sociedad ya Hispania, na mwaka huo huo wa 2018 akawa bingwa wa dunia pamoja na Ufaransa ile ile.

Na tukilitazama jambo hili kwa wavulana wa miaka 14 au 15, hatari huzidi, kwa sababu katika umri huo mwili husema uongo. Mmoja amekwisha kuota ndevu na mwenzake sauti yake bado ni ya kitoto, ilhali wote wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Na hata aliyezaliwa Januari humzidi aliyezaliwa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua. Mwalimu anayechagua timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa kutafuta ushindi wa juma lile humchukua mwenye ndevu, naye hushinda kweli juma lile; lakini baada ya miaka mitatu yule mdogo amemfikia kwa kimo, na kwa kuwa alilazimika kuishi uwanjani kwa akili wakati wenziwe wakiishi kwa misuli, angekuwa amewazidi mbali, lau asingekuwa amekwisha acha mpira kwa kuambiwa hana mwili. Wala madhara hayaishii hapo. Tunapoufanya mwili ulioiva kuwa ndicho kipimo cha kijana, twawafundisha watu kudanganya umri, na nchi yetu imekwisha onja uchungu wake: mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, iliyokuwa imefuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, iliondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Vijana wote waliosema ukweli juu ya umri wao walibaki nyumbani pamoja na yule mmoja.

Nimfikie sasa anayesema kwamba kipaji hakijifichi. Namwomba asimame siku moja jioni pembeni mwa uwanja wa shule yoyote ya msingi ya Rugera, ule wenye mteremko upande mmoja, watoto wakiwa pekupeku na mpira wao ni wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba za mgomba huo huo, naye asimtazame anayefunga mabao. Amtazame mdogo anayecheza katikati. Kabla mpira haujamfikia, mtoto huyo amekwisha geuza shingo kulia na kushoto, amejua nani yuko nyuma yake, na mpira unapofika haukai mguuni mwake. Unakwenda palepale penye nafasi, kwa mwenzake ambaye hakuwa ameomba. Hapana ampigiaye makofi, kwa sababu hakupiga chenga wala hakukimbia. Watazamaji humshangilia yule aliyemwangusha mtu. Kipaji cha namna hiyo hujificha mchana kweupe mbele ya kadamnasi, na hubaki kimejificha mpaka afike mtu anayejua anachokitafuta.

Hata kwa wenzetu wenye kila chombo hujificha. Pavel Datsyuk wa Yekaterinburg, katika mpira wa magongo wa barafuni, alipitwa na klabu zote za Marekani na Kanada mwaka 1996, akapitwa tena mwaka 1997, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na alikuwa akicheza mbali na macho ya wakubwa. Mtu mmoja, Håkan Andersson, skauti wa klabu ya Detroit, alikwenda Urusi kumtazama mchezaji mwingine kabisa, akamwona huyu. Na mwaka 1998 Detroit ikamchagua, akiwa wa 171. Akaja kuwa mmoja wa wachezaji wastadi kupita wote wa zama zake, akatwaa Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, mwaka 2002 na 2008. Kama Andersson asingesafiri, Datsyuk angebaki kuwa mtu wa Yekaterinburg, na washabiki wa Detroit wangeapa kwamba Urusi yote imekwisha tazamwa.

Kwetu, njia ya mtoto wa Rugera ni ndefu kupita ya Datsyuk. Sharti achaguliwe katika michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ya kata, kisha ya wilaya pale Kayanga, kisha apande gari kwa Kyaka hadi Bukoba kwa mashindano ya mkoa, na huko akutane na jicho la mtu ambaye amekuja kutazama vijana, si kutazama matokeo. Na katika kila hatua ya hizo, mtu mmoja mwenye haraka atosha kumrudisha nyumbani. Ngazi ya juu ya mkoa wetu ilikuwa Kagera Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari cha Missenyi iliyochezea uwanja wa Kaitaba, nayo ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25. Msiba huo ulizungumzwa Karagwe kwa siku chache tu, kisha watu wakarudi katika tetesi za Dar es Salaam. Nami nilihuzunika kuona kwamba kushuka kwa timu ambayo mtoto wa hapa angeweza kuifikia kulikuwa jambo dogo mbele ya safari ya nyota mmoja kutoka klabu moja kwenda nyingine.

Kagera Sugar ilikuwa imekwisha wapa washabiki hao hao darasa ambalo hawakupaswa kulisahau. Tarehe 19 Mei 2018, Simba iliingia Uwanja wa Taifa kukabidhiwa kombe la ubingwa mbele ya Rais John Magufuli, ikiwa haijafungwa mechi hata moja ya ligi msimu mzima, na Kagera Sugar ikaifunga 1-0. Bao lilifungwa na Edward Christopher, kijana aliyelelewa katika timu ya vijana ya Simba yenyewe kisha akaachwa aende zake. Na Emmanuel Okwi wa Simba alipopata penalti ya kusawazisha, aliyeipangua alikuwa Juma Kaseja, yule yule wa Cairo, ambaye miaka mingi kabla ya siku ile mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya Simba, ulikuwa umemwona amekwisha. Rekodi ya msimu mzima ilivunjwa na watu wawili ambao Simba ilikuwa nao mikononi mwake ikawaacha.

Ninajua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kinda hupoteza mechi, na kwamba mshabiki aliyelipa kiingilio au aliyebanana na wenzake katika kibanda umiza hana wajibu wa kumlipia mtu mwingine gharama ya kujifunza. Jibu langu ni kwamba gharama hiyo hulipwa vyovyote vile. Kanuni za ligi zimefika mahali pa kuruhusu klabu kusajili wageni 12, na kila dirisha wako kati yao wasiofika hata nusu ya matarajio, wakalipwa mshahara wao wote, wakaondoka, na washabiki wakasahau kwa kuwa mwingine amekwisha tajwa. Kosa la mgeni husamehewa kwa jina alilokuja nalo, na kosa la kijana wetu huandikwa jiwe. Ibrahim Bacca alichukuliwa na Yanga mwaka 2022 kutoka KMKM ya Zanzibar, ligi ambayo wasemaji wengi wa vijiweni huidharau, akawa nguzo ya ulinzi wa klabu na wa timu ya taifa, Taifa Stars. Clement Mzize alipandishwa kutoka kikosi cha vijana cha Yanga, na wengi walitaka aondolewe kila alipokosa bao. Mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yanayowahusu wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao, alikuwa miongoni mwa walioifikisha Tanzania robo fainali kwa mara ya kwanza. Walivumiliwa kidogo tu, tena kwa shida, na wakatupa yale. Seuze wangevumiliwa wengi.

Wala washabiki wa Rugera wasiseme kwamba hawana nguvu. Viongozi wa Simba na Yanga husajili majina kwa sababu wanajua kwamba majina ndiyo yanayonyamazisha matawi ya wanachama, na makocha huwaogopa makinda kwa sababu wanajua kwamba mechi tatu mbaya zatosha kuwafukuzisha kazi; kwa hiyo hofu inayowafungia milango watoto wa Karagwe imetengenezwa, kwa sehemu isiyo ndogo, na baba zao na kaka zao wanaopaza sauti kila Julai. Sauti hiyo hiyo yaweza kugeuzwa. Masharti ya leseni za CAF yazitaka klabu ziwe na timu za vijana, na klabu zetu zinazo. Basi tawi linapokutana, kabla ya kutaja jina la mtu wa Kinshasa au wa Ouagadougou, na liandike barua kwenda makao makuu liulize ni vijana wangapi wa timu hizo walicheza mechi za ligi kuu msimu uliopita, na kwa dakika ngapi. Ni nani aliyetumwa Kagera kutazama UMISSETA, na alimwandika nani. Na ni mpango gani uliopo wa kijana anayeonwa akiwa na miaka 15, apate malezi hadi afike 20 bila kukatizwa masomo yake. Na barua hiyo isipojibiwa, iandikwe nyingine kabla ya mkutano mkuu, kisha apelekwe Dar es Salaam mwanachama mmoja mwenye kadi iliyolipiwa, asimame mkutanoni na kuyauliza maswali hayo hayo kwa mdomo wake.